Chai ya Tope

Siku ya kwanza Gibson alipofika Tondoni alikuwa amevaa buti mpya za mpira, za njano, zinang'aa kama ndizi za kuchorwa ukutani. Tekla alizitazama zile buti, akamtazama na mwenyewe, akasema moyoni: hizi hazikuja kukanyaga, zimekuja kupigwa picha.

Hata hivyo alimwamkia. Adabu haingoji mtu apendeze.

"Shikamoo, mtaalamu."

"Poa, sista. Ndo wewe wa kuchimba?"

Shikamoo ikajibiwa poa. Mamdogo Bernadeta, aliyekuwa ameinama pembeni na ndoo yake, aliguna bila kuinua kichwa. Mguno wa mamdogo mtu aliyemzoea anaujua. Ni ule anaoutoa sokoni akioneshwa samaki wa jana anayeitwa wa leo.

Na picha zilipigwa kweli. Gibson alisimama pale ukingoni, tope likiwa limeanza tu, akaweka mguu mmoja mbele, akashika sepetu ya Tekla kama mtu anayeshika fimbo ya mtu mwingine, akamwambia Tekla ampige kwa simu. Akapigwa tatu. Kisha akamrudishia sepetu, akapangusa mikono, akasema, "Haya, anza kazi."

Tondoni si mtaa, wala usiutafute kwenye kibao. Ni uwanja wa tope nyuma ya Kijichi, upande wa Temeke, pale ambapo hori, yaani ule mkono wa bahari unaopenya nchi kavu, linakutana na maji ya mto. Maji yakijaa unaona bahari tu. Yakitoka, linabaki tope jeusi lililozungukwa na mikoko, matundu ya kaa hayana idadi, na tondo wametapakaa kila mahali. Tondo ni konokono warefu weusi wenye ncha, na ndio asili ya jina la mahali pale. Wanawake wa huko huingia na ndoo, wakatoka na tondo wa chambo, na kaa, na msimu ukikubali, kamba wa kwenye vidimbwi. Tekla aliingia humo mwaka aliomaliza la saba, akimfuata mamdogo wake aliyemtoa kwao Masasi, na sasa alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Tope alilijua kwa nyayo. Akikanyaga tu, anakwambia chini kuna nini.

Na sasa ilikuja habari kwamba yadi ya makontena, iliyokuwa juu kule barabarani, inataka kushuka. Wanataka kumwaga kifusi Tondoni yote, washindilie, malori yaegeshwe. Wakaambiwa na ofisi ya mtaa, hapana, kwanza apatikane mtaalamu apime: hili tope lina uhai au limekufa? Likiwa limekufa, mwageni. Likiwa hai, liacheni. Shauri zima lilikuwa hilo, na wanawake arobaini na kitu wenye ndoo walisimama juu ya jibu lake.

Mtaalamu aliyepatikana ndiye huyo wa buti za njano.

Kipimo chenyewe kiliwachekesha watu wiki nzima. Gibson alifungua sanduku, akatoa mifuko ya majani ya chai! Ile midogo yenye kamba, ya kuchovya kwenye kikombe. Ila hii haikuwa ya karatasi, ilikuwa ya kitambaa laini cha nailoni, na kila mmoja ulikuwa umepimwa uzito kwenye mzani mdogo kama wa sonara na kupewa namba. Mifuko arobaini. Ifukiwe chini kiganja kimoja, ikae siku tisini, ifukuliwe, ioshwe taratibu, ianikwe, ipimwe tena. Majani yakipungua uzito, maana yake tope limeyala. Yasipopungua, maana yake tope halina kitu.

"Halina kitu gani?" Tekla aliuliza.

Gibson alikuwa anaangalia simu. Alijibu hivyo hivyo, bila kumtazama, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba usiomhusu.

"Bakteria, sista. Jani la mkoko likianguka, kaa analivuta shimoni, analikatakata. Bakteria wanamalizia. Kile kilichokuwa jani kinavunjika, kinakuwa virutubisho, naitrojeni, fosforasi, vitu hivyo. Maji yakijaa yanavibeba, vijidudu vya majini vinavila, kamba anakula hivyo, samaki anakula kamba. Kitu kinazunguka. Hutaelewa."

Tekla alielewa vizuri sana. Mamdogo alikuwa akimwambia jambo hilo hilo tangu siku ya kwanza, kwa maneno machache: "Tope lina njaa. Lipe jani, litakupa kamba." Tekla akaona kwamba maneno ya Gibson yalikuwa ya kweli tupu, wa bandia alikuwa mwenye maneno. Akayachukua, akayahifadhi. Kitu kizuri hukiachi kwa sababu kimetoka kwenye mdomo mbovu.

Tekla alipotoboa shimo la kwanza, harufu ikapanda, ile ya yai bovu. Gibson aliruka nyuma, akaziba pua kwa mkono wa shati.

"Unaona? Hii ni harufu ya kifo. Hapa pameshakufa hapa."

"Hapa panakula," alisema mamdogo kutoka kwenye ndoo yake. "Tumbo lako wewe likisaga pilau linatoa uturi?"

Gibson akageukia sanduku lake.

Walifukia mifuko kwenye vituo vinne, kila kituo kumi. Nikisema walifukia, namaanisha Tekla alifukia na Gibson akahesabu kwa kidole kutoka ukingoni. Kituo cha nne kilikuwa ng'ambo ya mkondo, chini ya mkoko mkubwa wa peke yake, na kufika kule ni kuzama mpaka mapajani. Gibson aliutazama mkondo, akazitazama buti.

"Nenda wewe. Mie nitakuwa naangalia kutoka huku."

Tekla akaenda peke yake. Kote huko aliambiwa achomeke vijiti vyenye namba, akachomeka. Lakini alijua bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, yanavyong'oa vijiti vya ng'ambo kama mtu anavyong'oa mchicha. Kwa hiyo juu ya kila mfuko wa kituo cha nne alisimika pia kaka, yaani gamba tupu la tondo, ncha chini, tako juu. Tondo aliye hai halali hivyo, na mwenye jicho anaona. Hakumwambia Gibson, kwa sababu Gibson alikuwa ameshaondoka. Safari ya Boko ni ndefu, alisema.

Hiyo Boko nayo ilikuwa na habari yake. Kati ya Boko na Kijichi mji mzima umelala katikati, na Gibson alikuwa mtu wa kuamka akishiba usingizi. Basi alifika Tondoni saa tano, siku nyingine saa sita, wakati bahari haina desturi ya kumngoja mtu wa Boko. Mara moja katika mwezi wa pili wa kazi alikuja akakuta maji yamesimama tu, hayaingii wala hayatoki, tope lote limefunikwa.

"Vipi, mbona hatuchimbi?"

"Leo huchimbi kitu, baba," mamdogo alimjibu. "Wiki hii maji mafu. Rudi wiki ijayo."

"Maji mafu?"

"Maji mafu. Kila mwezi yapo, mara mbili. Tangu bibi zetu."

Gibson alitoa daftari haraka, uso ukamng'aa. Tekla, aliyesimama nyuma yake, alisoma herufi zikiandikwa moja moja: *maji mafu, tangu zamani, wakazi wanakiri*. Alifikiri mtaalamu hatimaye anajifunza kupwa na kujaa. Neno *wanakiri* lilimsumbua kidogo. Mtu anakiri kosa. Nani alikuwa amekosa?

Siku ya tisini ikafika. Gibson hakufika. Alipiga simu kwamba yupo kwenye kikao, Tekla afukue mwenyewe. Tekla akaanza kituo cha kwanza: kijiti hakipo, shimo lipo, mfuko hakuna. Cha pili, vile vile. Cha tatu, mashimo kumi matupu yamepangana kama meno yaliyong'oka. Akavuka mkondo. Ng'ambo vijiti vilishachukuliwa na maji, lakini makaka kumi ya tondo yalikuwa yamesimama vichwa chini, kila moja mahali pake. Akafukua kidogo kwa kidole chini ya moja, akagusa kamba ya mfuko. Akafukia tena, akarudi ukingoni kupiga simu kwanza, maana kazi ya mtu huimalizi kabla hujamwambia imeharibika wapi.

"Mtaalamu, cha kwanza, cha pili na cha tatu hakuna kitu. Mtu amefukua. Ila cha nne..."

"Hakuna kitu? Zote?"

"Sio zote, ndo nakwambia, ng'ambo..."

"Sista, sikiliza. Usimwambie mtu. We osha ndoo, nenda nyumbani. Kesho nakuja." Akakata.

Tekla aliiangalia ile simu. Kisha akaosha ndoo.

Mwizi hakuwa mbali. Bi Naima, jirani wa mlango wa tatu, alikuwa pale bombani akisimulia ushujaa wake kwa yeyote mwenye masikio.

"Vijifuko vyeupe, vina kamba, vina namba! Vimefukiwa mistari mistari! Jamani, mie si mtoto. Hirizi naijua. Wametuzika hai wale watu wa yadi ili tuhame wenyewe. Nimevifukua vyote, bismillahi mdomoni, nikavitupa mkondoni siku ya bamvua. Viende vikamloge papa."

"Na vya ng'ambo, Bi Naima?" Tekla aliuliza.

"Kwenye mkoko wa peke yake? Pale pana mwenyewe pale. Siendi mie."

Tekla alitikisa kichwa. Mmoja anaona chai anadhani uchawi, mwingine anaona watu anadhani hawapo. Kati ya hao wawili, Bi Naima alikuwa na nafuu. Yeye angalau alikanyaga tope.

Kesho yake Gibson alikuja mapema kuliko siku zote, saa tatu. Hakumtafuta Tekla. Aliegesha gari chini ya mikoko, upande ambao aliamini hakuna mtu, akatoa boksi jipya la majani ya chai ya dukani. Tekla alikuwa amechuchumaa kwenye mizizi ya mkoko, hatua ishirini tu, anamvizia kaa. Ukimvizia kaa hutikisiki, na ndivyo alivyoona yote.

Gibson aligeuza ndoo, akaikalia. Akachota tope kwa kijiko cha plastiki, kijiko! Akawa anapaka mfuko mmoja mmoja, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate, akipuliza pua kila mara. Mikono alikuwa ameivika glovu. Akaipanga juu ya boneti ikauke. Ilipokauka akaipangusa kwa kitambaa chenye maji, akaipima kwenye ule mzani wa sonara, akaandika. Akapima, akaandika. Ulipepea mmoja, ukaanguka kwenye majani, hakuuona. Alipoondoka, kaa alikuwa ameshakimbia zamani, lakini Tekla alikuwa amepata kitu kingine.

Aliugeuza ule mfuko kiganjani. Wa karatasi. Karatasi! Tope la Tondoni halimalizi wiki mbili na karatasi. Linaila kama mgonjwa aliyepata hamu. Na kamba yake ilikuwa imebanwa kwa pini ndogo ya stepla, na ile pini ilikuwa inang'aa. Sepetu ya Tekla, chuma cha fundi wa Manzese, kila mwezi ilikuwa inapungua ncha kwa chumvi na weusi wa humo. Pini nyembamba kama unywele imekaa siku tisini, halafu inameremeta kama jino la dhahabu?

"Hata kudanganya kwa bidii hawezi," alimwambia mamdogo jioni wakipepeta mchele.

"Utasema?"

"Nikimwambia nani? Mwenyekiti? Atauliza nimesoma mpaka wapi."

Mamdogo alipuliza makapi. "Basi mwache aandike. Mtu akijiandikia ujinga, usimshike mkono katikati ya mstari. Mngoje afike kwenye nukta."

Tekla akangoja. Kungoja ilikuwa kazi yake. Kaa hafukuzwi, hungojwa.

Asubuhi ya mkutano, maji yakiwa chini, alivuka mkondo kabla jua halijachoma. Alifukua mifuko miwili tu. Minane aliiacha pale pale na makaka yake juu, ili asije mtu akasema Tekla naye amejitengenezea. Ile miwili akaiweka kwenye kopo, akanawa, akavaa gauni la kanisani.

Mkutano ulifanyika kwenye banda la ofisi ya mtaa. Mwenyekiti Ansbert alikaa katikati na muhuri wake mbele, kidau cha wino kimeshafunguliwa. Ansbert alikuwa mtu ambaye upepo haujaanza yeye ameshainama. Kulia kwake aliketi meneja wa yadi, mwenye miwani ya giza ndani ya kivuli. Kushoto, Gibson. Mezani kulikuwa na sinia la plastiki, na ndani yake mifuko ya chai imepangwa kwa namba, na pembeni chupa ya maji ya moto, glasi na sukari za wageni.

"Tekla," alisema Mwenyekiti, "we umeshazoea kuwa na mtaalamu. Hudumia chai."

"Sawa, mwenyekiti."

Akasimama pembeni ya chupa. Hakuna aliyemtazama tena. Anayehudumia chai ni sehemu ya meza.

Gibson alizungumza nusu saa. Alisema prosesi, alisema sampo, alisema parameta. Alisema mifuko arobaini ilikaa chini siku tisini na uzito umepungua asilimia mbili tu, maana yake bakteria hakuna, mzunguko wa virutubisho umekatika, tope la Tondoni ni maiti.

"Na si mimi peke yangu," aliendelea, akafungua daftari. "Wakazi wenyewe wamekiri. Nanukuu: maji ya hapa ni *maji mafu*, tangu zamani za bibi zao."

Kisha mtu akakohoa, na kile kikohozi kikageuka kuwa kicheko, kikakamata benchi la nyuma, kikaja mbele. Mama mmoja alijifunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika.

"Baba!" mamdogo alisimama, machozi yanamtoka. "Maji mafu ni yale yasiyojaa sana wala kupwa sana! Mwezi ukiwa nusu! Yanakuja, yanapita, wiki inayofuata bamvua! Ulitaka tukwambie nani kafa, tukakuzikie?"

"Kwao Boko huko maji yanatoka bombani," mtu aliongeza. "Yakikatika ndo yamekufa."

Gibson alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Sawa, hiyo ni ishu ya lugha. Mimi nasimamia data." Akainua mfuko mmoja kwa kamba. "Huu hapa. Siku tisini ndani ya tope. Umetoka kama ulivyoingia. Hakuna kilichouma."

Mwenyekiti Ansbert akachovya muhuri kwenye wino.

"Naomba kuuliza, mwenyekiti," alisema Tekla.

Watu wakageuka, kama sufuria imesema.

"Wewe?" Gibson alicheka kidogo. "Sista, umesoma mpaka wapi vile?"

"La saba."

"Sasa?"

"La saba inatosha kutengeneza chai," alisema Tekla. "Naomba huo mfuko."

Akauchukua kutoka mkononi mwake kabla hajajua ampe au asimpe. Akamimina maji ya moto kwenye glasi, akachovya. Ndani ya glasi wekundu ulianza chini kama moshi, ukapanda, ukajikunja, ukaenea. Akauchovya mara mbili, mara tatu. Harufu ikatoka, harufu njema ya asubuhi ya nyumba yoyote ile.

"Chai ya rangi hiyo!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma, na banda likalipuka.

Tekla akafungua kopo. Akatoa mfuko wa nailoni, mweusi, umenywea kama titi la bibi, namba yake bado inasomeka: thelathini na nne. Akauosha kwa maji, akauchovya kwenye glasi ya pili. Maji yakawa kama ya kuoshea mchele. Hakuna rangi. Kilichopanda ni harufu ya yai bovu, na meneja wa yadi akasogeza kiti. Tekla akaupasua mfuko kwa ukucha, akamwaga kilichomo kwenye kisosi: vijiti vichache, mifupa ya majani, basi.

"Huu ndio uliokaa siku tisini," alisema. "Kituo cha nne, ng'ambo ya mkondo, mtaalamu hakuwahi kufika. Nyama yote imeliwa. Sasa nauliza: tope ni moja, njaa ni moja. Zako limezisusia kwa nini? Zimekosa chumvi?"

"Hiyo ni..." Gibson alitafuta neno. "Kuna kitu kinaitwa tanini. Rangi inaweza kubaki..."

"Na pini je?" Akainua mfuko wa karatasi uliokuwa unadondosha chai. "Pini ya stepla. Iangalieni wenyewe. Nani humu ana chuma kilichotoka Tondoni kinang'aa?"

Sepetu zilikuwa zimeegemezwa ukutani pale pale, ncha zimelika kama meno ya mla miwa.

"Sampo zinaweza kuibiwa!" Gibson alipandisha sauti. "Mtu amebadilisha hizi! Mimi nilifukia mifuko arobaini..."

"Mie nilifukua thelathini!" Bi Naima aliruka kutoka kwenye benchi, mkono juu. "Mie! Hirizi zako nilizifukua mwenyewe, nikazitupa mkondoni, na wala siombi radhi! Sasa hizo za mezani umezipata wapi, mganga?"

Gibson akalivuta sinia kwake.

"Minane imebaki," alisema Tekla kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Sijaigusa. Juu ya kila mmoja pana kaka la tondo limesimama kichwa chini. Mwenyekiti, chagua mtu yeyote akafukue, mzani uwe mezani hapa, watu wote waone. Bamvua ni Jumanne. Tukutane ukingoni saa moja asubuhi, tuyafuate maji yakitoka." Akamgeukia Gibson. "Saa moja, mtaalamu. Si saa tano. Na safari hii utavuka mwenyewe, buti unazo."

Meneja wa yadi alivua miwani, akaitazama ile glasi nyekundu, akamtazama Gibson kama mtu anayetazama gari aliloambiwa ni jipya. Akainuka, akatoka kupiga simu, na hakurudi.

Mwenyekiti Ansbert aliona upepo umegeuka. Akaufuta muhuri kwa kitambaa, polepole, kila upande, akaurudisha mfukoni. "Mie siku zote nimesema," akasema, "jambo hili linataka umakini." Hakuna aliyemcheka. Hakufika kiwango cha kuchekwa.

"Ungeniambia," Gibson alimnong'oneza Tekla, akikusanya karatasi zake, zinamtoroka. "Siku ile kwenye simu. Kituo cha nne kipo, ungeniambia tu."

"Nilikuwa nakwambia," alisema Tekla. "Ukaniambia nioshe ndoo."

Gibson akaondoka. Watu walimpisha njia pana, pana mno, kama anayepishwa mtu aliyemwagikiwa na kitu. Buti za njano zilikuwa nje mlangoni, safi. Hata nzi hakutua.

Glasi mbili zikabaki mezani. Ile ya tope mtu akaimwaga nje. Ile nyekundu mamdogo Bernadeta aliivuta kwake, akaangalia kushoto na kulia, akatia sukari vijiko viwili, akakoroga, akanywa.

"Siku tisini kwenye tope," akasema, "halafu tamu hivi. Imekosa tangawizi tu."